Dada, Mbona Gemu Hilo Hilo Kwao Ni Nusu Bei?

Wiki hii nayaweka pembeni masuala ya wachumba na ya wenye nyumba, kwa sababu kuna swali ambalo limekuwa likinijia kila mara kwa sura tofauti. Nimechagua barua ya kijana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, maana ameliuliza vizuri kuliko wote:

"Shikamoo dada. Nina miaka 19, nasoma chuo. Nimejibana miezi kadhaa ili ninunue gemu moja kwenye Steam, bei yake dola 20. Nilipiga hesabu nikapata kama elfu hamsini na mbili, nikaweka pesa hiyo kwenye kadi pepe, malipo yakakataa. Nikaongeza kidogo, yakakataa tena. Rafiki yangu anasema najisumbua bure: niwashe VPN, niigeuze akaunti iwe ya nchi ambako gemu hilo hilo ni nusu bei, au ninunue msimbo kwa jamaa wa Telegram. Yeye anasema hajawahi kupata tatizo. Nifanyeje dada? Na kwa nini sisi tusio na pesa ndio tulipe zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kujibana mpaka ukafikia lengo, maana wengi wa rika lako hukopa kwa ajili ya starehe. Jibu langu ni hili: usiidanganye nchi ya akaunti yako, na usinunue msimbo kwa mtu usiyemjua. Sikukatazi ili kukunyima raha. Unachoweza kupoteza ni kikubwa kuliko hiyo nusu ya bei, na ukishaelewa bei ya gemu inavyojengwa, utaona zipo njia za kuokoa pesa zisizokuacha na wasiwasi kila ukiwasha kompyuta.

Elfu hamsini na mbili ilikwama wapi

Ulichukua dola 20, ukazidisha kwa kiwango ulichokiona mtandaoni, tuseme shilingi 2,600. Ikaja 52,000. Hesabu haina kosa, ila hakuna anayekuuzia dola kwa kiwango hicho. Kile kinachoonekana mtandaoni kiko katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Benki au kampuni ya simu iliyokupa kadi hukuuzia dola kwa kiwango chake yenyewe, na kwa kawaida huwa juu kidogo. Tuseme ni 2,700. Hapo tu tayari umefika 54,000.

Sasa njoo kwenye kodi. Kama duka linatoza VAT ya asilimia 18 juu ya bei iliyoandikwa, dola 20 inakuwa dola 23.60. Zidisha kwa 2,700, unapata 63,720. Bado kadi yako inaweza kuwa na ada ya muamala wa nje ya nchi. Tukiweka asilimia 3, hiyo ni shilingi 1,900 na ushee. Jumla inapita 65,600. Kati ya pesa uliyoiandaa na pesa inayotakiwa kuna pengo la zaidi ya shilingi 13,000, na ndiyo maana kuongeza kidogo kidogo hakukusaidia.

Viwango hivi nimevitumia kama mfano, wewe weka vya kadi yako. Lakini mpangilio wa hesabu ndio huo: bei ya duka, kisha kodi, kisha kiwango cha kubadili dola, kisha ada ya kadi. Kwa ndugu zetu wa Kenya VAT ni asilimia 16, kwa hiyo dola 20 ikiongezwa kodi inakuwa dola 23.20.

Jambo jingine la kuangalia: maduka hayafanani. Mengine huandika bei ambayo kodi imo ndani yake, mengine huiongeza mwishoni. Kwa hiyo kabla hujaingiza hata shilingi kwenye kadi, nenda mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo, usibonyeze kulipa, soma jumla iliyoandikwa pale. Hiyo ndiyo bei. Kisha fungua maelezo ya kadi yako, tazama leo dola wanaiuza kwa kiasi gani na ada yao ni ngapi. Ni kazi ya dakika chache, na itakuepusha na salio linalobaki kwenye kadi pepe bila kukusaidia kitu.

Kwa nini bei hutofautiana nchi na nchi

Kutengeneza gemu hugharimu pesa nyingi, lakini likishakamilika, nakala ya elfu moja na nakala ya laki moja hazitofautiani sana kwa gharama. Halisafirishwi kwa meli, halikai ghalani. Kwa hiyo muuzaji hujiuliza swali moja kubwa: watu wa nchi hii wanaweza kulipa kiasi gani? Ni kama mchuuzi wa Kariakoo anayempima mteja kwa macho kabla ya kutaja bei, ila huku kupima kunafanywa kwa nchi nzima kwa mara moja.

Kwenye Steam, duka la kampuni ya Valve ya Marekani, anayepanga bei ni mtengenezaji au mchapishaji wa gemu. Valve humpa mapendekezo ya bei kwa kila sarafu, na Oktoba 2022 iliyafanyia mapitio makubwa, lakini mtengenezaji ana hiari ya kuyafuata au kuyaacha. Ndiyo maana gemu moja linaweza kuuzwa kwa rupia ya India, rupia ya Indonesia au dong ya Vietnam kwa bei ya chini sana kuliko ya dola.

Sisi je? Kusini mwa Sahara, sarafu yenye bei zake kwenye Steam ni randi ya Afrika Kusini. Shilingi ya Tanzania haimo, ya Kenya haimo, ya Uganda haimo. Tunaonyeshwa dola, na ni dola ile ile anayoonyeshwa Mmarekani. Tangu 2020 magemu mengi makubwa mapya yamekuwa yakitoka kwa dola 69.99. Namba hiyo anaiona mhandisi wa California, na anaiona pia mwanafunzi wa Mbeya. Kwa hiyo, mdogo wangu, unapouliza kwa nini tusio na pesa tulipe kama wenye nazo, lalamiko lako ni la haki kabisa, na nitalirudia hapo chini.

Kwenye simu hali ni nafuu. Google Play huonyesha bei kwa shilingi, ya Tanzania na ya Kenya, na Kenya mtu anaweza kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja. Ndiyo sababu kijana anaweza kununua sarafu za ndani ya magemu, kama almasi za Free Fire au UC za PUBG Mobile, bila kugusa dola wala kadi. Lakini hata huko, bei ya shilingi imepangwa na mtu aliyeitazama nchi yako na kuamua.

Yaliyowakuta wa Argentina na Uturuki

Rafiki yako anaposema "nchi ambako ni nusu bei", ajue kwamba mbinu hiyo ya kuhamisha akaunti ilipata umaarufu kupitia nchi mbili hizi. Kwa miaka kadhaa peso ya Argentina na lira ya Uturuki zilikuwa zikishuka thamani haraka kuliko watengenezaji walivyobadilisha bei. Matokeo yake, magemu ya huko yakawa rahisi mno ukiyapima kwa dola. Watu wa Ulaya, Marekani na kwingineko wakaanza kuhamishia akaunti zao huko kwa ujanja.

Valve ikaanza kubana. Mwaka 2021 iliweka sharti kwamba mtu asibadili nchi ya akaunti zaidi ya mara moja kila baada ya miezi mitatu, na nchi mpya hukubalika tu ukilipa kwa njia ya malipo ya nchi hiyo. Wachapishaji nao wakawa wanapandisha bei za huko kimya kimya. Kisha tarehe 20 Novemba 2023, bei za peso na lira zikaondolewa kabisa. Argentina ikawekwa kwenye kundi la bei za dola za Amerika ya Kusini na Kati, Uturuki kwenye kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Sababu iliyotolewa ni kwamba sarafu hizo ziliyumba mno kiasi kwamba watengenezaji walishindwa kupanga bei. Kwa baadhi ya magemu, bei ilipanda kwa siku moja ikawa mara kadhaa ya ile ya awali.

Wa kwanza kuumia walikuwa vijana wa Ankara na Rosario, wanaolipwa kwa lira na peso, ambao bei ile iliwekwa kwa ajili yao. Yule mgeni aliyepita kwa VPN alirudi zake kununua kwao. Sisemi wageni peke yao ndio waliosababisha, kwani kuporomoka kwa sarafu kulikuwa tatizo la kweli. Lakini kila aliyejifanya Mturuki alimpa mchapishaji sababu moja zaidi ya kuiona bei ya Uturuki kuwa tundu la kuvujisha pesa. Fikiria siku shilingi yetu itakapopata bei yake, halafu watu wa nchi tajiri waanze kujifanya wakazi wa Tabata. Ungejisikiaje?

Hii kodi imetoka wapi

Wengine mmeniandikia mkidhani kodi kwenye magemu ni uonevu uliobuniwa kwa ajili yetu. Hapana. Zamani kampuni ya nje iliweza kuuza huduma kwa mtandao bila kulipa kodi katika nchi ya mnunuzi, huku duka la mtaani likilipa. Serikali nyingi ziliona hilo si sawa. Umoja wa Ulaya tangu 2015 hutoza VAT kwa kiwango cha nchi anakoishi mnunuzi. Afrika Kusini ilianza kuzitoza huduma za kielektroniki za kampuni za nje Juni 2014. Hata Marekani, ambako kodi ya mauzo hutofautiana jimbo kwa jimbo, jiji la Chicago lina kodi ya burudani, iliyokuwa asilimia 9 ilipoanza kukatwa kwenye usajili wa PlayStation Novemba 2018. Mkisikia binamu aliyeko Chicago analipa tofauti na aliyeko California, sababu ni hiyo.

Kwetu, Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Julai 2022: VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za kielektroniki zinazotoka nje, pamoja na kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2 kwenye mapato ya kampuni hizo. Kenya ilianza kodi yake ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 Januari 2021, na mwishoni mwa Desemba 2024 ikaibadilisha kwa kodi nyingine ya kampuni zenye uwepo mkubwa wa kiuchumi nchini. Uganda iliweka asilimia 5 kuanzia Julai 2023.

Tofautisheni kodi hizi mbili. VAT unailipa wewe mlaji, duka linaikusanya tu na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato, TRA au KRA. Ile ya pili inaiangukia kampuni na mapato yake. Kampuni inaweza kuifidia kwa kupandisha bei, lakini haipaswi kuchanganywa na VAT kwenye risiti yako.

Tazama inavyokaa ndani ya dola 20 ambayo VAT ya asilimia 18 imo tayari. Kodi ni kama dola 3.05. Inabaki 16.95. Duka likichukua asilimia 30, kiwango cha kawaida cha Steam, hiyo ni kama dola 5.09. Mtengenezaji anabaki na kama dola 11.86, na bado hajalipa wafanyakazi wake. Nawaonyesha hesabu hii kwa sababu watengenezaji si wote wa Marekani na Japani. Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion kwenye Steam mwaka 2016. Kijana wa Nairobi au Arusha anayetaka kuuza gemu lake ulimwenguni atapita mlango huo huo na kukatwa makato hayo hayo.

Unachokihatarisha

Turudi kwa rafiki yako na VPN yake. Mkataba wa Steam, ule tunaoukubali bila kuusoma, unakataza kuficha mahali ulipo ili upate bei ya nchi nyingine au gemu lisilouzwa kwenu. Ukivunja, wanaweza kuizuia akaunti au kuifunga. Yeye hajapata tatizo mpaka leo, lakini hilo halimaanishi kwamba anaruhusiwa.

Na akaunti ikifungwa, huondoki na kitu. Gemu la mtandaoni si mali unayoishika, ni leseni ya kulitumia. Tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe huonyesha maelezo kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachonunua ni leseni, baada ya jimbo la California kupitisha sheria inayoyataka maduka yaseme hivyo wazi kuanzia Januari 2025. Kwa hiyo ukihatarisha akaunti kwa ajili ya kuokoa dola 10, unahatarisha kila gemu ulilowahi kulipia ndani yake.

Huyo jamaa wa Telegram naye ni hatari ya aina nyingine. Jiulize anapataje msimbo wa dola 20 na kukuuzia kwa 7 au 8 bila hasara. Baadhi ya misimbo ya namna hiyo hununuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akigundua, analalamika benki, pesa inarudishwa, na gemu linafutwa kwako. Wewe ulishamtumia pesa kwa simu, na namba yake haipatikani tena. Almasi na UC za bei ya kutupa zina mtego huo huo: kampuni ikiona malipo yamerudishwa, inaondoa ulichopewa au inafunga akaunti.

Wabaya zaidi ni wanaosema, "Nipe nywila yako nikuingizie mwenyewe." Mdogo wangu, nywila haitolewi, namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS haitolewi, hata kama anayeomba mmesoma wote msingi. Akishaingia, anabadilisha barua pepe, na kuanzia hapo wewe ndiye mgeni kwenye akaunti yako.

Ukinunua dukani kwenyewe, unalindwa. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Google Play ina dirisha la saa 48 la kuomba. Gemu likikataa kufunguka kwenye kompyuta yako, una pa kwenda. Kwa muuzaji wa Telegram huna.

Njia halali za kulipa kidogo

Kwanza, subiri punguzo. Steam ina mauzo makubwa manne ya msimu kila mwaka: masika, kiangazi, vuli na baridi, kwa kalenda ya huko kwao. Weka gemu lako kwenye orodha ya unayoyataka, na likishushwa bei utatumiwa barua pepe. Tulirudie lile lako la dola 20. Likipata punguzo la asilimia 50 linakuwa dola 10, ongeza VAT inakuwa 11.80, zidisha kwa 2,700, ongeza ile asilimia 3 ya kadi: unalipa kama shilingi 32,800. Hiyo ndiyo nusu bei aliyokuahidi rafiki yako, na imekuja bila VPN. Pesa uliyokwisha kuiandaa inatosha, na chenji inabaki.

Pili, jaribu kabla ya kununua. Magemu mengi hutoa toleo la kuonja bure, hasa kwenye tamasha la Steam liitwalo Next Fest. Utajua kama kompyuta yako inalimudu kabla hujaanza kutafuta dola.

Tatu, chukua vya bure vilivyo halali. Duka la Epic Games limekuwa likigawa magemu bure tangu Desemba 2018, kwa kawaida kila wiki. Ukilichukua, linabaki kwenye akaunti yako. Gharama yake ni bando tu, kwa hiyo pakua usiku kwa kifurushi cha bei nafuu au ukiwa chuoni.

Nne, kama mko ndugu nyumba moja, tumieni Steam Families, mpango ulioanza rasmi 2024. Unaruhusu watu hadi 6 wa nyumba moja na nchi moja kuchangia magemu yao. Ila chagueni vizuri: anayetoka hawezi kujiunga na familia nyingine mpaka mwaka mzima upite tangu alipojiunga na ya kwanza, na mdogo wenu akifungiwa kwa udanganyifu akiwa anacheza gemu lako, na wewe unafungiwa kwenye gemu hilo.

Tano, linganisha kadi. Kenya kuna kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na Tanzania kampuni za simu na benki nazo zina zao. Usitazame tu ada iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tazama kiwango wanachokuuzia dola, maana hapo ndipo pesa nyingi hukatwa bila kuonekana.

Sita, zima usajili unaojirudia wenyewe. Bei za usajili hupanda: PlayStation Plus Essential ya mwaka ilitoka dola 59.99 hadi 79.99 Marekani, Septemba 2023. Kama huutumii kila wiki, uzime, utauwasha tena siku ukiuhitaji.

Kwa wenye PlayStation na wenye ndugu ng'ambo

Najua wengi mna PS4 au PS5, na mtaniuliza, "Dada, mbona sisi hata kuchagua Tanzania hatuwezi?" Ni kweli. Kwa miaka mingi mtandao wa PlayStation ulikuwa na Afrika Kusini tu katika orodha yake ya nchi za kusini mwa Sahara. Anayefungua akaunti hapa hulazimika kuchagua nchi nyingine, na hilo si kosa lake. Ninachowaomba ni kujua mmesimama wapi. Nchi mliyoichagua wakati wa kufungua haibadilishwi, kadi za zawadi lazima ziwe za nchi hiyo hiyo, na mkipata tatizo hamna ofisi ya hapa ya kuwasaidia. Kwa hiyo magemu makubwa nunueni kwa diski kila mnapoweza. Diski mnaweza kuiuza au kubadilishana, na hakuna wa kuwauliza mnaishi wapi.

Shangazi aliyeko Maskati, Oman, au kaka aliyeko Minneapolis, Marekani, akitaka kukufurahisha, mwambie mapema. Kadi ya Google Play au ya PlayStation iliyonunuliwa Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine. Zawadi ya gemu kwenye Steam nayo huzuiwa pale bei za nchi mbili zinapopishana sana, na Oman ipo kwenye lile kundi la dola za Mashariki ya Kati, wakati sisi tuko kwenye dola ya kawaida. Akutumie pesa, ununue mwenyewe.

Haki yetu tuidai kwa jina letu

Sasa nirudi kwenye lalamiko lako, maana sitaki uondoke ukidhani nimekwambia ulipe na unyamaze.

Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu lilikuwa limeuzwa mpaka kwenye nchi zisizo na huduma hiyo, na ghafla likaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji hawakukaa kimya. Waliandika maoni kwa mamia ya maelfu, wakiwa na akaunti zao halali na risiti zao. Ndani ya siku chache Sony ililifuta sharti lile.

Ulaya sheria yenyewe iliingilia. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliitoza Valve na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7.8, kwa kuwazuia wanunuzi kutumia misimbo iliyonunuliwa katika baadhi ya nchi za mashariki ya Ulaya. Mahakama iliikataa rufaa ya Valve mwaka 2023. Afrika Mashariki tuna soko la pamoja tangu Julai 2010, na tuna mamlaka za ushindani: Tume ya Ushindani (FCC) ya Tanzania, wenzao wa Kenya, na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Suala la bei za huduma za kidijitali linastahili kuwafikia, na nyinyi vijana ndio wenye ushahidi mkononi.

Ndiyo maana nasisitiza ukweli wa akaunti. Ukinunua kwa jina la Uturuki, mauzo yako yanahesabiwa Uturuki. Mtengenezaji akifungua takwimu zake, Tanzania haionekani, Kenya haionekani, anahitimisha kwamba huku hakuna wateja na hana sababu ya kudai bei ya shilingi kwa niaba yetu. Kila anayejificha anatufanya tuonekane wachache kuliko tulivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tabata, weka gemu lako kwenye orodha, iache ile pesa itulie mpaka msimu wa punguzo, kisha ununue ukiwa Mtanzania na utunze risiti. Siku hiyo hiyo mwandikie mtengenezaji, na uwaandikie Valve, sentensi mbili tu: tupo, tunalipa, tunaomba bei ya shilingi. Na nyinyi wengine mliosoma mpaka hapa, waandikieni leo, msimwachie kijana mmoja kazi ya wote.